Oksijeni, HIF na kuota kwa mishipa ya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mada hii inawagusa watu wengi kuliko wanavyojua. Mwanafunzi wa baiolojia anakutana nayo kwenye mtihani, nesi anakutana nayo wodi ya watoto njiti, mgonjwa wa kisukari anakutana nayo kliniki ya macho, mkimbiaji anakutana nayo Iten, kule milimani Kenya. Maswali ni yaleyale yanarudi rudi, kwa hiyo nimeyaweka pamoja na kuyajibu kwa Kiswahili cha kila siku. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili mitatu, mengine nimekaa nayo, hasa lile la macho ya watoto njiti, maana naona kwetu linasemwa kidogo mno.

Seli inajuaje kwamba oksijeni imepungua?

Wengi wanadhani oksijeni ikipungua ndo seli inaanza kutengeneza protini ya dharura. Sivyo kabisa. Protini yenyewe inaitwa HIF na inatengenezwa muda wote, hata sasa hivi umekaa unapumua vizuri tu, ila inaharibiwa ndani ya dakika chache, na kinachotakiwa ili iharibiwe ni oksijeni yenyewe. Chukulia ndoo yenye tundu iliyowekwa chini ya bomba lililo wazi, maji yanaingia yanatoka, ndoo haijai, lakini ukiziba tundu inajaa fasta na wala hujagusa bomba. Oksijeni ikipungua, tundu ndo limezibwa, HIF inarundikana.

Unaweza kuona ni hasara, kutengeneza kitu na kukitupa hapo hapo. Faida yake ni mwendo. Seli haihitaji kusubiri ianze kusoma jeni, iandike ujumbe, ijenge protini kutoka mwanzo wakati tayari inakosa hewa. Iache tu kutupa, na ndani ya dakika HIF ipo ya kutosha.

HIF ni nini hasa?

Ni protini ya vipande viwili vinavyofanya kazi pamoja, alfa na beta. Beta ipo siku zote na haijali oksijeni. Alfa ndo hiyo inayotengenezwa na kuharibiwa. Alfa isipoharibiwa inaingia kwenye kiini cha seli, inakutana na beta, na kwa pamoja zinashika DNA na kuwasha jeni. Alfa nazo zipo za aina zaidi ya moja: HIF-1 alfa ipo karibu kila mahali mwilini, HIF-2 alfa ipo zaidi kwenye tishu kama figo, mapafu na seli zinazotandaza ndani ya mishipa ya damu. Shika hii ya pili kichwani, tutaihitaji kwenye maswali ya dawa na ya watu wa milimani.

Sasa anayepima oksijeni ni nani, HIF au mwingine?

Mwingine! Hapa ndo watu wanakosea hata kwenye majibu ya mtihani. HIF haipimi chochote, HIF inapimiwa. Wapimaji ni enzaimu zinazoitwa PHD, ziko tatu, PHD1, PHD2 na PHD3, na PHD2 ndo inayobeba mzigo mkubwa.

Kazi yao ni hivi. PHD inachukua molekyuli ya oksijeni, inaigawa, atomu moja inaibandika juu ya HIF alfa kwenye amino asidi ya prolini. Kwa HIF-1 alfa ya binadamu ni sehemu mbili maalumu, prolini namba 402 na prolini namba 564. Alama ndogo tu, atomu moja ya oksijeni kwenye protini yenye amino asidi zaidi ya 800, lakini inatosha, kwa sababu kuna protini nyingine inaitwa VHL ambayo ikiona alama hiyo inaikamata HIF, inasababisha ibandikwe mnyororo wa ubikwitini, na chochote chenye mnyororo huo kinapelekwa kwenye proteasomu kukatwakatwa.

Ili PHD ifanye kazi inahitaji oksijeni, madini ya chuma, kitu kinaitwa oksoglutareti kinachotoka kwenye mzunguko wa nishati wa seli, na vitamini C ya kusaidia chuma kibaki katika hali yake nzuri. Kinachoifanya iwe kipimo ni kwamba haiishiki oksijeni kwa nguvu. Enzaimu inayong'ang'ania oksijeni ingeendelea kuchapa kazi hata oksijeni ikiwa kidogo sana, isingeweza kutambua tofauti. PHD inalegea kadiri oksijeni inavyoshuka, yaani mwendo wake wenyewe ndo kipimo.

Ndo maana pia maabara ukitaka kuidanganya seli iamini imekosa hewa, unaweka kloridi ya kobalti. Kobalti inavuruga nafasi ya chuma kwenye PHD, alama haibandikwi, HIF inarundikana na oksijeni ipo tele.

HIF ikishaingia kwenye kiini, inajuaje iwashe jeni ipi?

Inatafuta herufi. Kwenye DNA karibu na jeni zinazohusika kuna kipande kifupi kinachosomeka ACGTG au GCGTG, HIF inakaa hapo. Lakini kukaa peke yake haitoshi, inabidi ivute wasaidizi, p300 na mwenzake CBP, wanaolegeza DNA ili jeni isomwe. Na hapo kuna mlinzi wa pili: enzaimu iitwayo FIH inabandika oksijeni kwenye asparagini namba 803 ya HIF-1 alfa, na ikibandikwa hapo p300 haiwezi kuishika. Kwa hiyo oksijeni inaikaba HIF mara mbili, kwanza iharibiwe, pili hata iliyoponea isiweze kufanya kazi. FIH inaendelea kuchapa kazi hata oksijeni ikishuka kiwango ambacho PHD imeshalegea, ndo maana mwili unaitikia kwa hatua badala ya kuwaka au kuzima tu.

Jeni zinazowashwa ni mamia. Kuna za kuchoma sukari bila oksijeni, kuna ya erithropoietini, homoni ya figo inayoamuru damu nyekundu itengenezwe, na kuna ya VEGF, iliyopo kwenye kromosomu ya 6, ambayo ndo mama wa mishipa mipya. Afu kuna jambo moja linasahaulika: oksijeni ikiwa chini, ujumbe wa VEGF ukishaandikwa unadumu muda mrefu zaidi kabla ya kuvunjwa, kwa hiyo inaongezeka kote kote, unaandikwa zaidi na unakaa zaidi.

VEGF ikitoka nje ya seli, mshipa unaotaje?

Hii ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. VEGF inasambaa kutoka kwenye seli yenye njaa ya hewa, kwa hiyo karibu na seli hiyo ni nyingi na mbali ni kidogo. Kapilari iliyo jirani ina seli zilizojipanga kama kawaida, zote zina kipokezi kinachoitwa VEGFR2. Moja inayopata VEGF nyingi zaidi inabadilika, inatoa vidole vyembamba sana mbele yake na kuanza kupapasa kuelekea kule VEGF inakozidi. Wakati huo huo inawaambia majirani zake wa pembeni, kupitia protini ya DLL4 na kipokezi cha Notch, nyinyi tulieni msifanye kama mimi. Majirani hawatoi vidole, wao wanagawanyika na kujenga bomba nyuma yake. Kiongozi anatangulia, wajenzi wanafuata. Ukiangalia retina ya kitoto cha panya chini ya hadubini unaona ukingo mzima wa mishipa inayosonga mbele umejaa hivyo vidole, vyote vimeelekea upande ambao bado hauna mshipa.

Wakikutana viongozi wawili wanaungana, damu inapita, oksijeni inafika, PHD inarudi kazini, HIF inaharibiwa, VEGF inashuka, na ujenzi unasimama. Seli nyingine zinazoitwa perisaiti zinakuja kuukumbatia mshipa mpya ili utulie usivuje. Umbali unaohusika ni mdogo, seli nyingi za mwili haziwezi kukaa zaidi ya milimita 0.1 hadi 0.2 kutoka kapilari iliyo karibu.

Na kiasi cha VEGF kinatakiwa kiwe sahihi kabisa. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba kijusi cha panya kikipoteza nakala moja tu kati ya mbili za jeni ya VEGF kinakufa tumboni. Jeni nyingi ukibaki na nakala moja unaishi tu vizuri. Hii hapana.

Nani waligundua haya?

Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2019 ilikwenda kwa watatu: Gregg Semenza wa Johns Hopkins kule Baltimore, Peter Ratcliffe wa Oxford, na William Kaelin wa Dana-Farber, Boston. Semenza alikuwa akiuliza swali linaloonekana la figo tu, jeni ya erithropoietini inawashwaje damu ikikosa oksijeni, akakipata kipande cha DNA, kisha mwaka 1995 timu yake ikaisafisha HIF-1 na kuonyesha vipande vyake viwili. Ratcliffe na wenzake walionyesha kwamba kipimo hicho kipo hata kwenye seli zisizotengeneza erithropoietini kabisa, yaani ni mali ya mwili mzima. Kaelin yeye alikuwa anahangaika na ugonjwa wa kurithi wa VHL. Mwaka 1999 timu ya Ratcliffe ikaonyesha VHL inashikana na HIF, na mwaka 2001 timu zote mbili, ya Oxford na ya Boston, zikatoa jibu la prolini.

VEGF yenyewe ina historia yake. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak waliikuta kama kitu kinachofanya mishipa ivuje, na mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake wakaipata jeni yake. Kabla ya wote hao Judah Folkman alikuwa ameshaandika mwaka 1971 kwamba uvimbe wa kansa hauwezi kukua bila kuvuta mishipa mipya, na wengi hawakumwamini.

Ugonjwa wa VHL unahusianaje?

Unahusiana moja kwa moja. Mtu amezaliwa na nakala moja mbovu ya jeni ya VHL, siku ile nakala ya pili ikiharibika kwenye seli fulani, seli hiyo haina tena wa kukamata HIF. Oksijeni ipo, PHD inabandika alama kama kawaida, lakini hakuna anayeisoma. Seli inaishi kana kwamba imekosa hewa na VEGF inamwagika bila kikomo. Ndo maana vivimbe vya VHL vimejaa mishipa ya damu, kwenye retina, kwenye ubongo wa nyuma, kwenye uti wa mgongo, na kwenye figo wanapata kansa. Unampata takribani mtu mmoja kati ya 36,000. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha belzutifani, kidonge kinachoizuia HIF-2 alfa isishikane na beta, kwa wagonjwa hawa, na hiyo ni dawa iliyotoka moja kwa moja kwenye maelezo uliyosoma hapo juu.

Kwa nini wanasema oksijeni inaweza kumpofusha mtoto njiti? Si ndo inamwokoa?

Inamwokoa, na ndo ugumu wenyewe.

Retina ya mtoto tumboni inaanza bila mishipa. Kuanzia kama wiki ya 16 ya mimba mishipa inatoka katikati, pale mshipa wa fahamu wa jicho unapoingia, inatambaa kuelekea pembezoni, na inafika ukingo wa mwisho karibu na wiki ya 40. Kinachoivuta ni ile ile VEGF: retina iliyo mbele haina mshipa, ina njaa kidogo ya oksijeni, HIF inakaa, VEGF inatoka. Tumboni oksijeni ya mtoto ni ndogo sana kuliko yetu, na mfumo wote umepangwa kwa kiwango hicho.

Sasa mtoto anazaliwa wiki ya 28. Mishipa haijafika hata pembezoni. Anawekwa kwenye oksijeni, pengine mia kwa mia kwa sababu hakuna kifaa cha kuchanganya na hewa, kipimo cha oksijeni ya damu, kile cha kidoleni au mguuni, kinasoma asilimia 99 au 100 na kila mtu wodini anafurahi kuona namba kubwa. Ndani ya jicho PHD zimepata oksijeni ambayo hazijaizoea, HIF inaharibiwa yote, VEGF inashuka, mishipa inasimama na mingine inakufa. Hiyo ni awamu ya kwanza, haina dalili yoyote ya nje. Wiki zinapita, retina inakua, inahitaji oksijeni zaidi, na pembezoni hakuna mshipa. Sasa njaa ni kali, HIF inarundikana, VEGF inamwagika kupita kiasi na mishipa inaota ovyo, inatoka juu ya retina kuingia kwenye ute wa jicho, inavuja, inatengeneza kovu, kovu linavuta, retina inabanduka. Mtoto haoni tena.

Daktari Terry wa Boston aliueleza ugonjwa huu mwaka 1942. Chanzo hakikujulikana kwa miaka kadhaa na watoto wanaokadiriwa kufika 10,000 duniani walipofuka, wengi katika hospitali zilizokuwa na vifaa bora kuliko nyingine, kwa sababu ndo zilikuwa na uwezo wa kutoa oksijeni nyingi. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne aliinyooshea oksijeni kidole, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Norman Ashton kule London alionyesha kwa watoto wa paka jinsi oksijeni nyingi inavyofuta mishipa ya retina. Hata kabla yao, mwaka 1948, Isaac Michaelson alishasema lazima kuna kitu kinachotoka kwenye retina yenye njaa kinachoita mishipa. Kitu hicho tunakijua leo, ni VEGF.

Afu wakapindukia upande wa pili, wakabana oksijeni sana, macho yakapona lakini watoto wakafa. Kwa hiyo mtu asikuambie oksijeni ni sumu, isizimwe! Kinachotakiwa ni kuipima. Lengo linalotumika sana kwa njiti aliye kwenye oksijeni ni asilimia 90 hadi 95, na namba ya 99 kwa mtoto huyo si habari njema hata kidogo. Mtoto anayepumua hewa ya kawaida bila mashine akisoma 99 hakuna tatizo.

Kwetu wodi za njiti zinaongezeka na watoto wadogo zaidi wanapona, jambo la kushukuru, lakini maana yake ni kwamba macho yaliyo hatarini yanaongezeka pia, na wodi yenye mtungi wa oksijeni inatakiwa iwe na kipimo na kichanganyio pia.

Na macho ya wagonjwa wa kisukari?

Ni ndugu wa hiyo awamu ya pili. Sukari ya muda mrefu inaziba na kuua kapilari za retina, retina inakosa oksijeni, VEGF inapanda, mishipa dhaifu inaota na kuvuja. Tiba ni leza au sindano ndani ya jicho ya dawa inayoikamata VEGF. Inayotumika sana sehemu zenye uwezo mdogo ni bevasizumabu, ilianza kama dawa ya kansa ya utumbo mpana mwaka 2004, na kwa sababu jicho linahitaji tone dogo tu, chupa moja inagawanywa na bei inashuka. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho mwaka 2013. Ila sindano haitibu kisukari, sukari isiposhushwa VEGF itarudi.

Kansa ikizuiwa VEGF si itakufa kwa njaa?

Ndo lilikuwa tumaini, na kwa baadhi ya kansa dawa hizi zinaongeza muda. Lakini uvimbe unajua njia zaidi ya moja, ukibana VEGF unatumia ishara nyingine za kuita mishipa, au unajipachika kwenye mishipa iliyopo tayari. Tena mishipa ya uvimbe imekaa vibaya, imepindapinda na inavuja, kwa hiyo ndani yake kuna maeneo yenye oksijeni kidogo sana ambako HIF haishuki kamwe, na seli za huko ndo sugu zaidi kwa mionzi.

Nikipanda Kilimanjaro nahema sana, hiyo ni HIF?

Hapana, kuhema kunaanza ndani ya sekunde, na HIF hata ikirundikana ndani ya dakika, kazi ya jeni inazowasha inaonekana baada ya saa na siku. Anayekufanya uheme ni kinundu kidogo kilichopo shingoni, pale mshipa mkubwa unaokwenda kichwani unapogawanyika. Kileleni, mita 5,895, msukumo wa oksijeni ni takribani nusu ya ule wa Tanga au Mombasa, kwa hiyo kinundu hicho kina kazi. HIF nayo itaongeza erithropoietini, ila damu nyekundu mpya zinachukua siku na wiki, na wewe utakuwa umeshashuka.

Kwa hiyo ndo maana wakimbiaji wanakaa Iten?

Ni sehemu ya sababu. Iten iko kama mita 2,400, ukikaa wiki kadhaa HIF inasukuma erithropoietini na damu inaongeza uwezo wa kubeba oksijeni. Watu waliokaa juu vizazi vingi wana mambo yao tofauti. Watibeti wengi wana aina maalumu ya jeni ya HIF-2 alfa, ikaelezwa mwaka 2010, inayozuia damu yao isiwe nzito hata wakiwa juu sana, na mwaka 2014 ikaonekana kipande hicho cha DNA walikirithi kutoka kwa Wadenisova, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Watu wa nyanda za juu za Ethiopia nao wamezoea, lakini kwa njia isiyo ya Watibeti.

Mazoezi yanaongeza mishipa?

Ndiyo, misuli inayotumika inaongeza kapilari. Hapo HIF si peke yake, kuna protini nyingine PGC-1 alfa inayowasha VEGF bila kupitia HIF, ilionyeshwa mwaka 2008. Kwa hiyo mazoezi ya kawaida ya kila siku yanatosha, huhitaji kujibana pumzi wala kuvaa barakoa za kukosesha hewa.

Nasikia kuna vidonge vya kupandisha HIF, ni kweli?

Kweli. Roksadustati inazuia PHD, HIF inabaki, erithropoietini inapanda. China iliidhinisha mwisho wa mwaka 2018 kwa wenye upungufu wa damu unaotokana na figo kushindwa kazi. Si ya kumeza kienyeji, damu ikizidi kuwa nzito inaganda. Na wanariadha wajue dawa za kundi hili zimepigwa marufuku na shirika la kupambana na dawa michezoni, WADA.

Kwa nini wasichome VEGF kwenye moyo ulioziba mishipa?

Walijaribu, kuanzia miaka ya 1990. Matokeo hayakuwa yale yaliyotarajiwa. VEGF peke yake inaotesha mishipa inayovuja na isiyodumu, mshipa mzima unahitaji ishara nyingi kwa mpangilio na wakati wake, na dozi ikimwagwa mara moja haiigi hilo.

Nina mtoto njiti yuko wodini sasa hivi, niulize nini?

Uliza mambo matatu. La kwanza, kama yuko kwenye oksijeni, lengo lake ni namba ngapi na kengele ya kipimo imewekwa wapi, juu na chini. La pili, macho yatapimwa lini, kwa kawaida kipimo cha kwanza ni kama wiki ya nne baada ya kuzaliwa, na mkiruhusiwa kurudi nyumbani kabla ya hapo hakikisha tarehe imeandikwa kwenye kadi pamoja na jina la kliniki, maana wengi hupotelea hapo. La tatu, kama hospitali hiyo haina daktari wa macho wa watoto, mtapelekwa wapi. Kipimo kimoja hakitoshi, kinarudiwa mpaka mishipa ifike ukingoni, na ikionekana hatua mbaya, matibabu ya leza au sindano hutakiwa ndani ya siku mbili tatu, si mwezi ujao.